Fundi wa Piano Alegezwa Bega

Miaka thelathini na mmoja nimekaza nyuzi za watu.
Mji huu wa Tartu naujua kwa piano zake:
ile ya shule ya Karlova, vibonyezo viwili bubu,
ile ya ukumbini, inayonuna baridi ikibisha hodi,
ile ya mjane Hilja, anayeipangusa vumbi kila asubuhi
na haipigi.
Nyuzi mia mbili na ushei kila moja,
kila uzi na ukaidi wake.

Bega langu halikuwa na wa kulipima.
Lilipanda polepole, mwaka kwa mwaka,
hata likawa jirani wa sikio.
Koti nikalivaa kwa kuanza na mkono mbovu,
kama anavyovishwa mtoto aliyesinzia.
Usiku maumivu yalishuka shingoni,
yakapita chini ya bapa, yakaingia kiwikoni,
yakagonga kidole cha pete, yakarudi yalikotoka.
Kaza, nilijiambia.
Kazi yangu haikunifundisha neno jingine.

Leelo ana chumba juu ya duka la maua,
ngazi kumi na tisa.
Alinichua kwa mafuta yanayonukia msonobari,
akapapasa, akanyamaza, akafika mahali
nikapiga ukelele wa kitoto.
"Hapa," alisema, wala hakuwa anauliza.
Akatua kidole gumba, asizidishe, asiondoe,
akasubiri
kama ninavyosubiri nyuzi mbili zinazogombana,
mawimbi yake yapungue, yapungue,
ziwe sauti moja.
Kitu kikaachia.
Kwenye kioo cha duka, katikati ya maua ya watu,
niliyaona mabega yangu mawili, sawa kwa sawa.

Hiyo ilikuwa Ijumaa.
Jumanne bega lilikuwa limerudi sikioni.

Nikazipanda ngazi kwa hasira:
"Euro arobaini, raha ya siku tatu!"
Yeye anakunja taulo, hata hanitazami.
"Uzi ukiuvuta ukafika, ukauacha papo hapo, hubaki?"
Hapo alinishika pabaya.
Hakuna mwanagenzi wangu ambaye sijamwambia:
uzi una kumbukumbu.
Uvute upite kidogo, urudishe kidogo,
gonga kibonyezo kwa nguvu, tena, tena,
mpaka pini itulie ndani ya mbao
na mbao yenyewe ikubali.
La sivyo usiku utateleza kurudi kwao.

"Basi vua viatu," alisema.

Nikatambaa.
Mtu wa miaka hamsini na minane, soksi imetoboka,
nikatambaa kwenye mkeka wa buluu
mbavu zikijifunza kugeuka kabla ya shingo,
mkono ukijifunza kuinuka kwa amri ya mgongo.
Nilipokwama, alinikanda papo kwa papo,
dakika moja, mbili, kisha: "Rudia."
Vidole vyake vilifungua mlango,
kupita nilipaswa kupita mwenyewe.
Siku moja akataka nije na spana yangu.
Nikamwonyesha ninavyosimama kazini.
Akacheka hadi akaegemea ukuta:
"Lakini wewe unavuta kwa meno!"

Sasa navuta kuanzia kisigino.
Sijapona; Februari bado hunidai,
na zipo Jumanne ambazo bega husahau somo.
Jana nilikuwa kwa Hilja. Katikati ya kazi
likaanza safari yake ya kupanda,
nami nikaweka spana chini, nikalala zuliani,
magoti juu, nikazungusha bega
kama mshale wa saa isiyo na haraka.

Hilja akatoka jikoni na kikombe, akaguta:
"Mungu wangu, umekufa?"
"Bado."
Akanitazama kitambo.
Akaweka kikombe juu ya piano, mahali ambapo hajawahi kuruhusu kikombe,
akashika kiuno chake, akaanza kushuka,
goti moja, kisha la pili.
"Sogea," akasema.