Pilipili ya Moshi

Walikuja wawili, saa tisa mchana, mlima umewakataa.
Yule mwanamke, Begoña, midomo imebabuka kwa upepo wa Barafu.
Mwanamume, Anselmo, amebeba viatu mkononi
kama mtu aliyegombana navyo njiani.
Kirumbuyo, mpagazi wao, ndiye aliyewaleta:
"Dada Aikande, hawa siku ya pili hawajala.
Supu imewashinda, wali umewashinda.
Wape chochote chenye chumvi."

Hapa kwangu Rau, pembeni mwa mfereji, pana bati tatu na meza mbili.
Orodha ya vyakula sina. Kilichopo ndicho kilichopo.
Nikamenya viazi vya Ngarenairobi,
nikavunja mayai manne ya kienyeji,
mafuta yakaanza kunong'ona.

Ndipo mwanamke akasimama.
Akaja mpaka jikoni, hodi hakupiga,
akachukua koleo, akapunguza mkaa. Mkaa wangu!
Akaniambia kwa mikono: polepole.
Viazi visikauke. Viive kama vinavyosinzia.

Nilitaka kumfukuza.
Mtu hamshikii mwenzake koleo.
Lakini alikuwa analia kidogo, au ni moshi,
nikamwachia.

Kumbe kwao ipo.
Chipsi mayai, nzima, ya mduara,
nene kama daftari la michango ya harusi,
hugeuzwa kwa sahani vilevile, pumzi imebanwa vilevile,
na vijiti juu yake.
Bibi yake aliwafungia wachunga kondoo waendao mbali,
wakaila baridi, siku ya pili,
wameketi juu ya jiwe.

Tatizo lilikuwa kitunguu.
Anselmo alikiona mkononi mwangu, akapiga ukelele.
Kwao hakitiwi; marehemu mama yake angefufuka.
Begoña akasema bila kitunguu hicho ni kiazi kilichofiwa.
Wakabishana kwa lugha yao ya kasi,
mahindi yanayomwagwa juu ya bati.
Kirumbuyo akaniuliza, wanagombania nini?
Nikamwambia: mtori.
Akacheka, akaelewa palepale,
maana mama yake ni wa Rombo, baba wa Machame,
na nyumbani kwao kuna vyungu viwili
tangu ile Krismasi mtu alipothubutu kutia maziwa.

Shangazi yangu husema kiburu bila magadi ni chakula cha mgonjwa.
Jirani yake, hatua hamsini kuvuka mfereji,
husema magadi ni ya ng'ombe.
Wote wawili wanasema "kwetu".
Kwetu huishia pale inapoishia harufu ya sufuria.

Nikapika mbili, moja yenye, moja isiyo.
Wakala kimya.
Anselmo akadokoa ya mwenzake alipodhani hatumwoni.
Kisha nikawaletea mtori uliobaki asubuhi.
Begoña akazungusha kijiko, akauliza: viazi?
Nikasema ndizi.
Akakataa kuamini. Akarudia bakuli mara mbili
kusudi aendelee kutoamini.

Walipoondoka waliacha pesa, na kopo dogo jekundu,
mfuniko umebonyea.
Pilipili, ila haiwashi.
Begoña aliinusa, akanyoosha kidole darini, penye masizi:
hukaushwa juu ya moto wa kuni, siku na siku,
kama tunavyokausha nyama.
"Moshi," nikamwambia.
"Moshi?" akaonyesha barabara, maduka, mji mzima.
"Ndiyo. Na huo pia."

Kopo limebaki nusu.
Nilitia kidogo kwenye kisusio
siku Kirumbuyo aliposhuka tena na watu wengine.
Akauliza nimebadilisha nini.
Sikumwambia.

Na Jumamosi alikuja dereva wa lori la Himo,
injini hajaizima,
chipsi mayai, dada, fasta fasta.
Nikachukua koleo,
nikapunguza mkaa.
Akazime injini.