Kipande cha Kumi na Saba

Blagoveshensk, Februari. Mto Amuri umeganda
hata malori yanapita juu yake,
na ng'ambo taa za Heihe zinawaka kama duka lisilofungwa.
Rimma anafuta kioo kwa spiriti:
kipande cha upana wa stempu,
chembamba kama ukucha.
Anakiinua kwenye taa. Hakuna kitu.
Hiyo ndiyo sifa ya kioo kizuri, kutokuwepo.

Anakifungia ndani, pampu inanyonya hewa
hadi libaki ombwe tupu,
kisha anaachilia protoni.

Usidhani ni mvua ya mawe.
Protoni ni haidrojeni iliyovuliwa nguo,
ndogo hata neno "ndogo" linaipwaya.
Haivunji. Inaingia,
inapenya atomi mia kadhaa, inachoka, inakaa.
Ya pili inakaa jirani. Ya bilioni inakosa kiti.
Wageni wakijaa hivyo, mwenyeji hutoka nje:
sodiamu, iliyotulia tangu siku ya tanuru,
inafunga mizigo na kupanda juu.
Na wale wageni, kila mmoja akishaokota elektroni yake,
wanageuka gesi. Gesi, ndani ya kioo!
Inatafuta mlango, haupo,
inavimba
lengelenge.

Saa moja humu, kwa hesabu za Vsevolod,
ni mwaka mzima kule juu, kwenye upepo wa jua.

Saa nane usiku simu ikalia.
Taisia, pacha wake, kutoka Lisboni.
"Mama anakula?"
"Anakula."
"Dawa?"
"Anameza, akinuna."
"Na wewe?"
Rimma akatazama kidirisha cha chemba:
cheche ya samawati ilitambaa juu ya kioo,
ikachora mti usio na majani, ikazimika.
"Mimi nipo," akasema.

Waliongea dakika arobaini.
Kioo kilizeeka miezi minane.

Asubuhi, hadubini. Sindano isiyo na uzi
inapapasa uso ule ule.
Jana ilipita kama gari juu ya barafu;
leo inapanda, inashuka, inakwama:
vichuguu vya nanomita sitini,
vishimo palipopasuka malengelenge,
na korongo lenye matawi, kaburi la ile cheche.
Kwa jicho tu, kioo bado ni safi.
Labda ukungu kidogo pembeni,
kana kwamba mtu alinong'ona karibu nacho.

"Kimeharibika," anasema Vsevolod. "Andika."
Kalamu inasita.
Rimma anaandika: kimebadilika.

Kipande cha kumi na nane, kilichokatwa kwenye bamba lilelile,
kitabandikwa kwenye bawa la setilaiti mwezi wa tano.
Kitaiona Dunia nzima, mara kumi na tano kwa siku.
Hiki hakiendi popote.
Kimezeeka kwa niaba.

Kabla ya kufunga bahasha anavua glavu,
anapitisha kidole juu yake. Ni kosa, anajua,
mafuta ya ngozi.
Vilima vyote vile, na kidole hakisikii kitu.
Laini. Laini kabisa.

Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Apitie maziwa, na yale matone ya macho ya mama;
duka la dawa linafunguliwa saa mbili.