Shauri na Goti la Kulia

Goti langu la kulia, hebu tuseme kweli
kabla kahawa haijachemka.
Celestina ameshuka kununua mkate,
nyumba ni yetu wawili.

Miaka thelathini na minne nimekukunja
kama kisu cha mfukoni.
Jiwe jeusi, jiwe jeupe,
nyundo huku, jiwe kiganjani,
mchanga mpaka ndani ya soksi.
Ile nyota ya ncha nane mbele ya duka la vitambaa
tuliitandika siku tatu, umekunjwa,
wala hukusema neno.
Lisboa nzima inatukanyaga.
Mvua ikinyesha wanateleza, wanatutukana.
Hata Celestina nilimchumbia nimesimama wima,
maana mchana kutwa nilikuwa nimeshapiga magoti
kwa ajili ya manispaa.

Mwaka juzi ukaanza kusema.
Kwanza mlio, kama mlango wa kabati.
Nikakupaka kafuri.
Ukasema tena, nikakufunga bandeji, nikakaza,
kama mtu anayemziba mtoto mdomo.
Ndipo kwenye ngazi za Graça ukagoma,
mguu mmoja juu, mmoja chini,
na kikongwe mwenye kapu la kabichi akanipita:
"Pole, kijana."
Kijana! Nina hamsini na sita.

Nikakupumzisha. Wiki tano kitini,
mto chini yako, barafu juu yako, ukitunzwa kama mwali.
Nilipoinuka ulikuwa umezidi ubaya.

Quitéria, yule wa fiziotherapia,
hana hata unywele mmoja mweupe.
Nilidhani atakushika wewe.
Akashika nyonga. Akabonyeza paja.
Akaniambia niinuke kitini bila kutumia mikono
na mimi, mbeba mawe, nikashindwa.
"Goti limeshtakiwa bure," akasema.
"Paja limelala, nyonga imelala,
mzigo wote linabeba lenyewe."

Nilinyamaza, goti langu. Niliona haya.
Kwa sababu kazi hiyo naijua.
Jiwe likizama njiani, nani hulilaumu jiwe?
Unaling'oa, unatazama mchanga wa chini,
wapi maji yamepita, wapi hapakushindiliwa.
Vijana wangapi nimewafundisha hivyo
na mwili wangu mwenyewe nikaupiga nyundo juu juu.

Basi sasa tunashindilia.
Kuinuka na kuketi, mara kumi, polepole,
kushuka kuwe kuzito kuliko kupanda.
Kusimama kwa vidole vya miguu, mkono kwenye sinki.
Kazini nina saa ya kuchemshia mayai:
kila dakika ishirini inalia, nami nasimama,
natembea hadi kwenye toroli na kurudi,
nikirudi chini nabadili goti.
Baltasar alinicheka mwezi mzima.
"Yai lako limeiva, mzee?"
Aprili akaniuliza, kwa sauti ya chini,
saa ile inauzwa wapi.

Na maumivu, nilimuuliza Quitéria, yakija?
"Yape alama," akasema, "sifuri mpaka kumi.
Tatu ni mazungumzo, endelea.
Saba ni ugomvi. Acha, kesho punguza."
Tangu siku hiyo sikukazi bandeji.
Nakusikiliza. Mara nyingine unasema upuuzi,
hasa siku za baridi,
lakini nakusikiliza.

Usidhani nakuahidi ujana.
Zile ngazi za Graça bado tunazipanda
kama watu wanaodaiwa huko juu.
Ila jana tulifika, na nilikuwa nawaza samaki wa chakula cha jioni,
sikukukumbuka hata kidogo.
Samahani. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyo nayo.

Kahawa inafoka. Ufunguo unazunguka mlangoni.
Atanikuta nimesimama kwa mguu mmoja
kama korongo aliyesahau mto uko wapi.
Acha acheke.

Nane.
Tisa.
Hii ya kumi inauma. Tatu, labda nne.

Haya, sema.