Upande wa Pili, Dakika ya Tatu

Bwana Hinchliffe ameniwekea kiti cha ngozi
katikati ya spika mbili, kimo cha binti yangu wa mwisho,
akafunga mlango. Mvua ya Huddersfield ikabaki nje
na mabasi niliyoyaendesha miaka ishirini na sita.
"Usiharakishe," anasema.
Asemaye usiharakishe ana kitu cha kuuza.

Amplifaya ya kwanza ina taa nne, nene kama shingo ya chupa,
wati mia moja, transfoma nzito kama jiwe la kusagia.
Anaiwasha, twangoja.
Hizi si mashine za kubonyeza ukaenda zako;
huachwa zipate moto kwanza, kama kikaango.
Santuri ni yangu. Jalada halipo, nembo imefutika,
niliinunua Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili,
shilingi saba taslimu na tatu za deni.

Besi inaingia na viatu miguuni.
Kila fidla imesimama pake, foleni ya benki.
Dakika ya tatu mpiga kanuni anakohoa:
kikohozi kikavu, chenye kingo, cha kupelekwa hospitali.
Naandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
*Nguvu. Haina haya. Pauni elfu nne na mia mbili.*

Ya pili ina taa mbili tu, umbo la biringanya.
Wati nane. Nane! Pasi yangu inaicheka.
Bei hakuitamka; aliiandika kwenye kikaratasi
akakilaza kifudifudi, kama matokeo ya mtihani.
Ngoma imerudi nyuma, ndiyo, inapigwa chumba cha pili,
lakini mwimbaji amevuta kiti karibu.
Nasikia mate yake. Nasikia shati la mtu
likisugua ubao wa fidla.
Kikohozi kikaja,
mdomo wangu ukasema, "Pole, baba."

"Umesemaje?" aliuliza Hinchliffe.
"Sijasema kitu."

Na kweli sikusema mimi.
Yalikuwa maneno ya Mashavu, kutoka jikoni, mikono ina unga,
kila santuri ilipofika hapo. Miaka thelathini na moja
hakukosa, hata siku tulizonuniana.
*Pole, baba.* Kisha, kwa sauti ya chini,
*Huyu mtu hajapona tu?*

Nikakunja bahasha nikashukuru.

Kule Deighton yuko Carlton, fundi wa siku zile
muziki ulipochukuliwa kwa lori hadi kumbini,
masanduku ya spika marefu kuliko milango.
"Taa hufa," akaniambia, "chuma hubaki. Nunua chuma."
Akanishushia yake kutoka darini, aliiunda mwenyewe
mwaka themanini na moja, ndani ya boksi la mita ya umeme.
Pauni mia mbili na sinia la mahamri.

Mimi si mjinga. Ile ya biringanya ni bora;
mbele ya kadhi ningeapa ni bora mara tatu.
Lakini nyumba yangu sasa inasikia mno.
Hii ya Carlton inanuka vumbi linaloungua,
inavuma kama friji,
na jikoni kukivuma mtu hudhani kuna mtu.

Jana usiku niliizima kabla ya dakika ya tatu. Makusudi.
Sahani niliiacha izunguke.
Taa zikawa nyekundu, zikawa kahawia;
umeme ulishaondoka, wimbo haukuwa na habari,
ukaenda pumzi moja, ukaenda ya pili,
ukikonda,
na pale ukingoni kabisa pa masikio yangu
akakohoa.

Nikangoja kidogo, kwa adabu,
kabla ya kusema mimi.