Mazoezi ya Kufundisha, Langoni

Siku ya kwanza mtoto alisimama mlangoni akaniita, "Ndoo!"
Nikaenda stoo, nikapekua, nikarudi nayo,
ya bati, mkono umelegea, ndani utando wa buibui.
Darasa zima likaanguka kwa kicheko.
Alikuwa ananiita tu. Njoo, mwalimu. Ndoo.

Mimi ni Skolastika Mapunda wa Songea.
Pasi yangu ina muhuri mmoja, wa Horohoro,
na barua yangu inasema: wiki kumi, Lamu, somo Kiswahili.
Nilipoisoma kwa sauti ofisini
Bwana Mbwarali, mwalimu wangu mlezi, alikohoa kidogo
akanipa boksi la chaki.
"Fundisha kitabu," akasema.
"Kitabu hakina kwao. Wewe una kwenu."

Walinipa sabalkheri, nikaitika marahaba.
Nikasema nimetoka chuo, wakaniuliza nimefika juzuu ya ngapi.
Nikaomba ugali, nikaletewa sima,
nikaila huku jasho linanitiririka mpaka kwenye kope
nikiwaza Juni ya kwetu, ukungu juu ya Matogoro,
mama kajifunga khanga mbili juu ya sweta, anakoroga uji wa ulezi,
simu kaibana kwa bega:
"Huko si ndiko Kiswahili kilikozaliwa?
Sasa wewe umekwenda kuwapelekea nini?"
Salio likaisha. Au nilisema limeisha.

Wiki ya tatu, insha: Siku Niliyofurahi.
Mwanatumu Fumo aliandika kurasa mbili bila kituo hata kimoja
kuhusu mbuzi aliyetafuna kilemba cha ami yake asubuhi ya Idi,
na bibi yake aliyekuwa anapeta mtele
akateka, akateka,
mpaka mato yakamtoka matozi.

Kwetu anayeteka huteka maji, la sivyo huteka watu.
Nikaandika pembeni: Alimteka nani?
Nikapiga mstari chini ya mtele. Chini ya mato. Chini ya matozi.
Kumi na moja juu ya arubaini.
Kalamu yangu nyekundu ilikuwa mpya, ilikuwa inateleza vizuri.

Kesho yake mama yake akaja,
mkono wa buibui lake una unga wa mahamri.
Hakuketi. Alifungua daftari kwa kidole kimoja.
"Mato haya, mwalimu," akasema,
taratibu, kama mtu anayeuliza bei,
"yamekukosa nini?"

Usiku ule nilijaribu kufuta.
Wino mwekundu hauna huruma. Nilisugua kwa kifutio,
kwa mate, kwa ukucha, mpaka karatasi ikatoboka,
tundu moja penye mato, jingine penye matozi,
na kupitia matundu yale nikasoma vipande vya ukurasa wa pili:
*bibi akan* kwa hapa, *tena* kwa pale.
Nikalala taa inawaka.

Wiki ya tisa mkaguzi wa chuo akafika,
macho mekundu kwa safari ya basi, faili kwapani.
Akakaa dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu.
Ubaoni nilikuwa nimeandika: mchele, mtele.
Macho, mato. Nje, nde.
Kati ya neno na neno, mkato tu, hakuna kingine.
Nilipopita karibu naye akaninong'oneza:
"Mwalimu achague moja."

Nikashika dasta.
Ubao ule una ufa katikati, chaki huingia humo haitoki.
Nilisimama nauangalia ufa,
vidole vimeganda unga na jasho,
watoto arubaini na wawili wametulia kama siku ya matokeo.
Mwanatumu akainua mkono, anaomba kwenda haja.

"Nenda nde," nikasema, "lakini uye upesi."

Nilikisikia nilichosema baada ya kukisema.
Mkaguzi naye alikisikia.
Aliinua kichwa, akaanza kujipapasa mifukoni, anatafuta kalamu.