Tikiti Ishirini

Hachinohe, Februari, theluji imefika magotini.
Ukumbi uko chini ya duka la miwani,
ngazi kumi na tatu, taa moja inapepesa.
Mwenyewe katupa tikiti ishirini:
zisizouzwa, mtalipa.

Tumeuza mbili.
Ya kwanza kanunua shangazi yake Chizuru;
kiuno kimembana, hakuja.
Ya pili ni ya huyu bwana wa koti la kijivu
aliyekaa nyuma kabisa, pembeni mwa mashine ya soda,
kavua viatu, soksi kazianika juu ya hita.

Tetsuro ananiuliza, "Tuanze?"
utadhani kuna wa kusubiriwa.

Basi tukaanza.
Chizuru akazipiga ngoma kama anayedai deni,
besi ikatetemesha glasi kavu za kaunta,
nami nikafumba macho,
maana viti vitupu hukodoa kuliko watu.

Wimbo wa tatu, ule wa mama na kiwanda cha ngisi,
ubeti ukanitoka.
Nani angejua?
Nikanyamaza. Gitaa likazunguka palepale
kama ng'ombe wa kinu.

Kule nyuma, pekupeku, yule bwana
akautamka mstari wangu,
taratibu, bila haya.

Kumbe Novemba naye alikuwapo.
Tulidhani ni fundi wa hita.

Baadaye tukagawana hasara:
kumi na nane kwa watatu, sita sita.
Tetsuro anakunja nyaya,
bwana anazibonyeza soksi zake.
Bado mbichi.

Tukachomeka nyaya tena.