Mkinga Anauziwa Kinga

Kijana amevaa tai, juu ya tai sweta,
juu ya sweta koti, maana ni Juni, na ni Mbeya.
Jina lake Gwakisa. Ananisogezea
karatasi nne zilizobanwa pini.
"Kinga ya safari, mama. Siku kumi na nne."

Nikacheka. Mimi ni Tweve wa Bulongwa,
Makete kwa baba, Makete kwa mama.
Mkinga leo anauziwa kinga!
Hakucheka. Labda utani huo
ameshachoshwa nao na Wakinga wote wa Mwanjelwa.

Naenda Guangzhou.
Sijapanda ndege hata siku moja.
Songwe, Dar, kisha usiku mzima angani,
nikaone kwa macho yangu
mabeseni ninayouza yanazaliwa wapi.

Bei: laki moja na elfu arobaini.
Mimi pesa siielewi mpaka niigeuze viazi.
Nikaigeuza: magunia mawili ya Isyonje,
lumbesa, yameshonwa kichwa.
"Na nisipougua?"
"Tunamshukuru Mungu."
"Na hela yangu?"
"Hairudi, mama."
Basi huyo Mungu wenu anakula kamisheni.

Nikavaa miwani.
Mzigo ukipotea, wanalipa.
Jino likiuma ghafla, wanalipa;
likiuma polepole, shauri yako.
Ndege ikichelewa saa sita kwa ajili ya ukungu,
wanalipa.

Nikaweka karatasi chini.
Ukungu?
Nimeamka nao miaka hamsini na tatu.
Umenifichia ng'ombe, umenifichia lori
lililomgonga shemeji pale Igawilo,
umeniozeshea pareto kwenye mkeka,
na hakuna aliyewahi kunipa
hata hela ya chumvi.

Nilikuwa naufunga mkoba.
Kidole tu ndicho kilichokuwa bado kwenye ukurasa wa tatu,
chini kabisa, herufi kama mayai ya chawa:
*kurejesha mwili wa marehemu nyumbani.*

Baba mdogo Laiton alipanda treni ya Zambia
kwenda kuchimba shaba.
Nilikuwa darasa la pili simu ya maandishi ilipofika,
wiki tatu baada ya wao kumfukia huko.
Sisi tulizika koti lake.
La kijivu, kifungo kimoja hakipo.
Bibi alitia ulezi mfukoni, konzi moja,
na mpaka anakufa alikuwa akisema
kaburi lile ni jepesi,
upepo wa Kitulo ukivuma vizuri utalichukua.

"Mwili," nikauliza, "mnauleta mpaka wapi?"
"Uwanja wa ndege, mama. Dar."
"Na Dar mpaka Bulongwa?"
Akafunua. Akafunua tena. Akakohoa.
"Hapo… ni familia."

Hapo sina shaka.
Kariakoo kuna Wakinga wa kujaza mabasi mawili,
na nusu yao wananidai.
Hawatakubali nipotee.

Nikatoa noti za elfu kumi, kumi na nne,
nikaziweka mezani, na mkono juu yake.
"Punguza kidogo."
"Bima haipunguzwi, mama."
"Elfu tano, ya chai."
Akatazama mlango, akatazama mkono wangu,
akanipa kalamu yenye jina la kampuni.
Haya. Kalamu nayo ni kitu.

Mstari wa mwisho:
*mtu wa kujulishwa likitokea la kutokea.*
Nikaandika Yusta, binti yangu.
Nikakata. Nikaandika tena, herufi kubwa.

Yusta anajua naenda Tunduma
kufuata vitenge, narudi Jumapili.
Nilijua angelia, na akilia yeye nami siendi.
Nitampigia leo usiku.
Au kesho alfajiri, nikiwa Songwe,
ukungu ukinipa hizo saa sita.